Jiwe la Darajani

Mama mkwe wangu Zhuzhuna ana jibu moja kwa maradhi yote ya wanawake:
jiwe.
Ukikalia jiwe baridi, anasema, ovari zinaganda,
na kilichoganda tumboni hakiyeyuki, kinakua.
Hapa Zugdidi hakuna bibi asiyelijua hilo.
Watoto wa kike huinuliwa ngazini kwa mkono,
hupewa gazeti, sweta, hata mkoba wa shule, wakalie.

Nami nililikalia.
Mwaka tisini na tatu, vuli, tukikimbia kutoka Sukhumi,
siku mbili na usiku wake
kwenye ukingo wa daraja la Enguri,
miaka kumi na tisa, gauni la pamba, sina hata gazeti.

Kwa hiyo daktari Jikia aliponipaka ile jeli
na kuburura mashine yake chini ya kitovu,
na picha ikatoka, kijivu, mduara mmoja uliokaza kama ngumi,
sikuuliza ni nini.
Niliuliza: ni lile jiwe?

Akacheka kidogo, kisha hakucheka.
Jiwe halina kosa, Tsiuri.
Kila mwezi yai huiva katika kifuko chake.
Kuna mwezi kifuko kinakataa kupasuka, kinajaa maji,
halafu kinanywea chenyewe, wewe huna habari.
Kuna kinachopasuka vizuri, kisha kikajivujia damu ndani.
Kuna utando wa mji wa mimba uliopotea njia,
ukahamia ovarini, ukawa unatokwa damu huko kila mwezi, gizani,
hata damu ikazeeka, ikawa kama chokoleti iliyoyeyuka.
(Mkimbizi huyo, nikawaza. Anashika desturi za kwao ugenini.)
Kuna usaha unaopanda kutoka mirijani.
Kuna nyama ngumu isiyo na ubaya, ipo tu, kama mgeni asiyeaga.
Na kuna ile nyingine.
Hapo akaacha kutazama kioo.
Kwenu kuna aliyewahi?

Mama mdogo Domna alikufa na tumbo kubwa.
Nyumbani tulisema ni upepo. Tulisema ni huzuni.
Lile neno lenyewe tulilinyamazia mezani, tukikata mkate wa jibini.

Kazi yangu ni kuchagua kokwa za hazeli, miaka kumi na sita sasa.
Mkanda unapita, mkono unajua: hii nzito, hii kapi, hii ina mdudu.
Lakini siri ya kokwa iko ndani ya kokwa,
na nzuri za nje zimenidanganya maelfu.
Wiki tatu nzima nilichagua huku najipapasa,
kushoto, juu kidogo ya nyonga, nikipima:
nzito? kapi?
Damu ilipimwa, namba ikapanda kidogo.
Namba hiyo hupanda kwa mambo mengi, akasema, isikukoseshe usingizi.
Ikanikosesha.

Niseme kweli: nililitaka jiwe.
Jiwe lina mahali, lina tarehe, lina watu waliotufukuza.
Ningelilaani nikalala.
Yai lililokataa kupasuka utalilaani vipi?

Wakanipasua Kutaisi, Jumanne, theluji imeshakuwa tope.
Jikia akapiga simu jioni.
Mafuta, akasema. Nywele, ndefu, nyeusi. Na jino.
Moja.
Si la vita, si la baridi. Mbegu yake ulizaliwa nayo.
Ulipokaa darajani mlikaa wawili.

Nikatia ulimi kwenye pengo langu, juu kulia,
jino nililolivunjia kokwa nikiwa na miaka tisa.
Jino la pembe si dawa ya pengo;
la tumboni je?
Nikacheka hadi nyuzi zikauma, muuguzi akaja mbio.

Zhuzhuna alisikiliza yote, akatikisa kichwa.
Jiwe, akasema,
akaukung'uta mto wa sufu, akauweka kwenye benchi la hospitali
kabla ya kuniruhusu kukaa.

Nikakaa.